Nguzo ya mgunga na nitrojeni iliyoliwa

Mwezi uliopita nilikuwa Pawaga, mkoani Iringa, kwa baba mdogo, nikamkuta anabadilisha nguzo za zizi la mbuzi. Nguzo moja ya mgunga ilionekana nzima, lakini nilipoibonyeza kwa kidole ganda la nje lilibomoka, ukamwagika unga laini mweupe, na chini yake kikabaki kiini chekundu, kigumu, kisicho na tundu hata moja. “Wadudu hawa wanajua kuchagua, mwanangu,” alisema.

Siku hizi kila anayezungumzia miti ya nyanda kame huzungumzia kaboni, nami naona tumeitukuza kupita kiasi. Mti ukikaushwa maji yote yakaisha, karibu nusu ya uzito unaobaki ni kaboni, na mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, hutumia asilimia 47 kwa miti ya ukanda wa joto. Kiwango hicho hupanda kidogo pale penye lignini nyingi, ile gundi inayoipa mbao ugumu, kwa kuwa ina kaboni zaidi ya selulosi, yaani nyuzi za mti, lakini tofauti kati ya mti na mti si kubwa. Kinachotofautiana sana ni uzito wa mbao yenyewe: gogo la mpingo huzama majini, ilhali mbuyu, kwa ukubwa wake wote, ukianguka na kukauka huacha rundo la nyuzi nyepesi.

Nitrojeni ndiyo yenye habari. Katika mbao haifiki hata asilimia moja, mara nyingi ni gramu chache tu kwa kilo, tena haikugawanywa sawa. Majani na magome yana nyingi. Sehemu nyeupe ya nje, ambayo bado ina chembe hai zenye wanga, hufuata. Kiini hubaki na kidogo kabisa, kwa sababu mti hukinyang'anya akiba hiyo kabla ya kukijaza kemikali chungu. Mgunga, ukiwa wa jamii ya kunde, huweza pia kupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Kwa kuwa haikugawanywa sawa, anayepima nitrojeni ya vichaka asichanganye vijiti vyembamba na mashina: kwa uzito ule ule, kijiti kina gome jingi kuliko shina, na jibu la maabara litapanda bila sababu ya maana.

Mdudu anayebungua mbao hujenga mwili wake kwa nitrojeni hiyo hiyo, na chakula chake kiko kwenye ule weupe. (Jivu, nalo, halina kitu hicho: karibu nitrojeni yote huondoka na moshi, zikabaki chokaa na potasiamu, kwa hiyo halichukui nafasi ya samadi kwenye mchicha.)

Nguzo mpya baba mdogo alizichonga kwa shoka mpaka weupe wote ukaisha, akazisimika, na vibanzi akavitupa zizini vichanganyike na samadi.