Vishona-nguo viwili vya kinamasini

Kwa miaka miwili daftari langu limebeba jina lisilo sahihi. Kila nilipokuta kishona-nguo chenye maua ya njano kando ya maji niliandika Bidens laevis, jina la kisayansi la aina mojawapo, nikaendelea na safari. Juzi nilipiga magoti topeni na lenzi yangu, nikaona maua yaliyokomaa yameinamisha vichwa kabisa, kana kwamba yanachungulia maji. Hiyo ni aina nyingine, Bidens cernua! Neno cernua lenyewe ni la Kilatini, maana yake ni mwenye kuinama. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa mmea jina hilo mwaka 1753.

Majani hayasaidii. Ya aina zote mbili hukaa kwenye bua bila kikonyo, yakitazamana, kingo zake zina meno. Na ua changa la cernua husimama wima, kwa hiyo usikate shauri mapema. Pima petali za pembeni: za laevis hufika hata milimita 30, za cernua ni nadra kuzidi 15, na mara nyingine hazipo kabisa. Zangu zilikuwa na urefu wa milimita 11.

Ila alama ninayoipenda zaidi imejificha katikati ya ua. Penua vijiua vile vidogo taratibu kwa ncha ya sindano, utaona vigamba vyembamba. Vya laevis vina ncha nyekundu-chungwa. Hivi vyangu vilikuwa vya njano hadi mwisho.

Nimerekebisha kurasa tisa. Mbili nimeziachia alama ya kuuliza, kwa sababu sikupima kitu siku hiyo.