Siku moja maishani mwangu: zamu ya kupima matetemeko

Saa 12 asubuhi. Napokea zamu. Usiku ilipita mitetemo midogo tu, mingi ya ukubwa chini ya 3, ambayo watu hawakuihisi.

Saa 3:10. Mistari kwenye skrini inaruka. Wimbi la P limetangulia, maana ndilo lenye kasi. La S, linalotikisa zaidi, linafuata. Kituo cha karibu kinaonyesha pengo la sekunde 12 kati yao. Kila sekunde ya pengo ni kama kilomita 8, nazidisha: kilomita 96 hivi hadi tetemeko lilikoanzia. Vituo vingine vinakubaliana, kitovu kimepatikana. Kompyuta imeshatoa 5.6, nami nahakiki wimbi moja moja kwa macho.

Saa 3:40. Mwandishi wa habari anapiga simu: "Ngapi kwa kipimo cha Richter?" Swali hili nalipenda. Charles Richter alitunga kipimo chake mwaka 1935 kwa ajili ya California, akiangalia wimbi limepanda kiasi gani kwenye mashine ya aina moja. Tetemeko likiwa kubwa sana kipimo hicho hukwama: ufa unazidi kurefuka, namba haipandi. Leo tunategemea zaidi kipimo cha momenti, cha Thomas Hanks na Hiroo Kanamori, 1979. Hicho huuliza ufa uliochanika una eneo gani, miamba imeteleza umbali gani, na ina ugumu gani.

Saa 5. Hesabu ya momenti imekamilika: 5.8. Natoa taarifa mpya, na lawama zinaanza: "Mbona mnabadilisha?" Tunabadilisha kwa sababu ni lazima. Japani mwaka 2011, makadirio ya kwanza yalikuwa 7.9, mwisho ikawa 9.0. Namba ikipanda kwa 1, nishati huongezeka takribani mara 32. Ikipanda kwa 2, mara 1,000. Kwa hiyo tofauti ile ilikuwa zaidi ya mara 40, na tahadhari za kwanza za tsunami zilikadiria mawimbi mafupi kuliko yaliyokuja.

Saa 8 mchana. Nasoma ripoti za wananchi. Mmoja anasema vikombe viligongana kabatini. Mwingine, umbali uleule kutoka kitovuni lakini juu ya udongo laini wa bondeni, ukuta wake umepata nyufa. Wa kwanza nampa IV kwenye kipimo cha Mercalli, kinachopima ukali wa mtikisiko mahali ulipo, wa pili VI. Ukubwa ni mmoja, 5.8. Ukali hutegemea uliposimama.

Saa 12 jioni. Matetemeko madogo bado yanafuata, la mwisho 3.9. Namwonyesha anayenipokea kituo ambacho saa yake imeanza kuchelewa, asikiingize kwenye hesabu.