Ipo, ila bado haijawa

Tangu Jumanne nina sentensi moja kichwani na haitoki. Leo nimekwenda nayo misa ya kwanza, nimerudi nayo, nimechambua nayo mchele. Nimeamua niiandike, labda itaniachia nilale.

"Ipo, mwalimu. Ila bado haijawa."

Mnaonifuata tangu zamani mnaijua 547 yangu, alama nilizopata kwenye mashindano ya bastola ya upepo. Niliiandika humu mwezi wa tatu usiku uleule, vidole vikiwa bado vinatetemeka. Sasa tunaumaliza mwezi wa kumi. Wiki hii wamekuja kumposa mdogo wangu na mahari imepokelewa, darasa la nne wamefanya upimaji wao siku mbili na mimi nimesimamia shule ya Ipogolo, yote yamekwenda salama, namshukuru Mungu. Lakini kilichonileta hapa ni simu ya Jumanne.

Nilimpigia katibu wa chama chetu cha kulenga shabaha saa ya chai, nimesimama chini ya ule mjakaranda wa nyuma ya ofisi, maua yamejaa chini kote.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba, mwalimu. Iringa mzima? Baridi imewaachia?"

"Imeachia, katibu. Nilikuwa naulizia ile alama yangu ya mwezi wa tatu."

Akanyamaza. Nikasikia karatasi zinapinduliwa, droo ikafunguliwa, ikafungwa.

"Ipo."

"Ipo?"

"Ipo, mwalimu. Ila bado haijawa."

"Haijawa nini?"

"Haijawa alama. Ikishaidhinishwa ndiyo inakuwa."

"Na mimi niko daraja gani?"

"Kwa sasa uko pale ulipokuwa."

Nikasema, "Sawa katibu, asante sana." Kengele ikagongwa, nikaingia darasani.

Hiyo asante ndiyo inaniuma kuliko yote. Nilimshukuru kwa kitu gani? Kila nikiirudia ile simu naifikisha pale pa "uko pale ulipokuwa", halafu nampa jibu lingine. Alhamisi nikiwa nakoroga uji nilimwambia kwa sauti kwamba orodha ya mashindano ya mwisho wa mwaka inafungwa katikati ya mwezi ujao, na mtu wa daraja la pili hachukuliwi kwenye timu ya kanda hata akipiga vizuri namna gani. Baba Kadogo akachungulia jikoni kuuliza naongea na nani.

Nafundisha Kiswahili darasa la sita. Sijui ni mara ngapi nimewaeleza watoto kwamba kuwapo si sawa na kuwa. Kitabu kipo mezani, mtoto ni mtiifu. Nafuta ubao, naandika tena. Kumbe na mimi nilikuwa na somo langu: risasi sitini zimepigwa, karatasi zimetobolewa, watu wameona, zimejumlishwa, na bado hazijawa kitu.

Acha niieleze upya ile siku, maana nadhani wengine wapya hamuijui. Bastola ya upepo tunapiga mita 10, risasi ya milimita 4.5, kwa mkono mmoja, umesimama. Duara la kumi lina upana wa milimita 11.5, dogo kuliko kifuniko cha soda. Risasi sitini, kila moja kumi, jumla 600. Kwenye shabaha za karatasi unapewa saa moja na nusu. Kuingia daraja la kwanza kwetu kunataka 547, na mimi nilipata 547 hasa, bila hata moja ya akiba.

Na moja hiyo ilitoka kwenye risasi ya 43. Niliivuta vibaya kidogo, najua hata sasa mahali kidole kilipoharakisha. Tundu likakaa kwenye mstari wa kumi, upande wa chini kushoto. Kwa macho ilikuwa tisa. Mwandishi akaandika tisa. Wakaita waamuzi, akaja mzee wetu na kile kipimo chake, kijiti cha chuma chenye ukingo wa duara, akakitia kwenye tundu na kuinama na kioo cha kukuzia. Kanuni inasema kwenye tundu moja kipimo huingia mara moja tu, kwa sababu kila kinapoingia kinaila karatasi, na ukirudia hupimi tena risasi bali unapima kipimo chako mwenyewe. Basi aliinama muda mrefu. Ukingo ukigusa mstari, unapewa alama ya juu. Akanyanyuka akasema, "Imegusa." Tisa ikakatwa, ikaandikwa kumi. 546 ikakatwa, ikaandikwa 547.

Sijawahi kuisikia sauti tamu kama ile "imegusa".

Nilianza mchezo huu wakati wanawake tunapiga 40 tu. Kuanzia 2018 shirikisho la dunia likatupandisha tukawa 60 sawa na wanaume, na zile alama zetu za 40 zikafungwa kama daftari la mwaka uliopita. Nilikuwa na 358 yangu pale. Hakuna aliyeibishia, ila imebaki ya mchezo ambao haupo. Ndiyo maana hii 547 niliitaka iandikwe mahali, angalau moja.

Najua kuandikwa kuna masharti yake, wala silalamikii masharti. Rekodi ya dunia ya bastola ya upepo kwa wanaume ilikaa kwenye 593 ya Sergei Pyzhianov aliyoipiga Munich 1989, mpaka Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipopiga 594 kule Changwon mwaka 2009. Karibu miaka ishirini. Katika miaka yote hiyo huenda yupo mtu aliyepiga zaidi akiwa mazoezini kwao, siku ya mvua, hakuna aliyemwona ila kocha. Haihesabiki. Rekodi ya dunia inatoka kwenye mashindano yaliyotajwa tu, kama Olimpiki, ubingwa wa dunia au kombe la dunia. Hilo nalikubali kabisa. Lakini mimi nilipiga mahali panapotakiwa, siku inayotakiwa, mbele ya waamuzi wanaotakiwa.

Baba nilimpigia Jumanne usiku. Akaanza na Filbert Bayi, kama nilivyojua ataanza. Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, rekodi ya dunia ya mita 1500. "Kwao jioni, kwetu asubuhi, na redio ikasema siku ileile! Nani alituambia tungoje?" Nikamwambia baba, hata Bayi saa ilimsoma 3:32.16 na vitabu vikaandika 3:32.2, kwa sababu enzi zile ndivyo ilivyotakiwa kuandikwa. Akasema, "Waliandika lakini." Sikuwa na jibu. Kweli waliandika.

Basi Ijumaa baada ya kazi nilikwenda ghalani, pale klabu yetu inapopigia shabaha. Sikwenda kupiga, nilikwenda kukaa tu. Mzee wa Funguo alikuwa anafagia, akaniona uso, hakuniuliza. Nikamwambia mwenyewe. Nikamwigizia na sauti ya katibu, "ipo, ila bado haijawa," na nadhani nilianza kulia hapo, kwa hasira. Akaegemeza fagio ukutani. Akaingia kwenye kile chumba cha makabati, akakaa humo kwa muda, akatoka na bahasha.

Ilikuwa imetumwa kwa sanduku la posta la klabu, jina juu yake ni la mwamuzi wetu, yule mzee wa kipimo. Muhuri wa mwezi wa saba.

Mwezi wa sita tulimzika Tosamaganga. Niliandika humu, mtakumbuka, ile siku ya ukungu.

"Barua ya marehemu naipeleka wapi, mwanangu?" akasema. "Watoto wake wako mbali. Kuifungua si haki yangu, kuitupa siwezi. Nikaiweka na vitu vyake." Vitu vyake ni miwani, kioo cha kukuzia na kile kipimo ndani ya kitambaa cha flana.

Nikampigia binti yake aliyeko Mbeya. Tulisalimiana sana, akaniuliza ya nyumbani, nikamweleza. Akasema, "Fungua, dada. Soma tu. Kama ni ya kazi yake, baba angetaka ifanyike."

Ni ukurasa mmoja. Kwa heshima kabisa, ofisi ya katibu wanamwomba mwamuzi mkuu aeleze kwa maandishi sababu ya tisa kukatwa na kuwa kumi katika risasi ya 43, na wanasema alama itaidhinishwa mara wakipokea maelezo yake. Wamemaliza kwa kumtakia afya njema.

Nilikaa kwenye lile benchi la nafasi ya tatu nikaisoma mara nne. Siku nne nzima nilikuwa nagombana na katibu jikoni kwangu, kumbe naye alikuwa anangoja. Ana faili limefunguliwa mezani na anamngoja mtu aliye chini ya mikaratusi ya Tosamaganga, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaambia. Mimi nilichangia sanda. Nilikuwa na namba ya katibu siku zote, na haikunijia kwamba kule nako kuna mtu wa kupewa taarifa.

Mzee wa Funguo akaniletea na boksi la karatasi za Machi. Nikaitafuta ya 43, nikaishika kwenye mwanga wa dirisha. Tundu lipo, limepanuka kidogo pale kipimo kilipoingia. Pembeni kuna saini fupi mbili. Ya kwanza ni yake, kwa kalamu ya bluu, ile herufi yenye mkia mrefu unaokaribia kutoka nje ya karatasi. Ya pili ni ya yule kijana wa Mafinga aliyekuwa msaidizi wake. Yuko hai, yuko chuo, namba yake ninayo.

Hasira iliniisha palepale na sikujua niiweke nini mahali pake. Nilitamani kumsikia tena akisema imegusa. Tukakaa na mzee mpaka giza likaingia, hatukuongea sana. Alinionesha jinsi marehemu alivyokuwa akikifuta kile kipimo, mara tatu kwa upande mmoja, kila baada ya kazi, hata siku ambayo hakikutumika. Halafu akakifuta.

Kesho saa ya chai nitampigia katibu kwanza, nimpe taarifa ya msiba inavyostahili, kabla ya kutaja alama. Kisha kijana wa Mafinga. Kama ataandika wiki hii, na barua ikaenda kwa basi badala ya posta, huenda orodha isinipite. Huenda. Nimeshaandika rasimu yake, aya mbili, nimeweka na maelezo ya kipimo.

Kadogo anakohoa tena. Nimeandika mpaka hapa huku nasikiliza, ni kile kikohozi kikavu cha usiku, na safari hii kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, au nadhani kinaingia, taa ya chumbani haioneshi vizuri. Dawa ya mara ile imebaki nusu chupa na sikumbuki tuliifungua lini. Baba Kadogo anasema tungoje asubuhi. Naenda kumsikiliza tena.