Tiketi za Disney kwa dola 40, na mimi nisiyejua kusema hapana

Tulifika Kissimmee, mji wa Florida jirani na bustani za michezo za Disney, saa nne usiku, hoi. Kutoka kwetu Atlanta ni kama maili 440, unashuka na I-75 weee mpaka uingie ile barabara ya kulipia ya Florida, na mdogo alianza kuuliza tumefika hata Georgia yenyewe haijaisha. Likizo ya kwanza ya maana tangu tuhamie huku, siku tano, nimeomba off kazini toka mwezi wa kumi na mbili, mama watoto kabadilishana shifti na watu watatu. Kwahiyo muelewe hizo siku tano zilikuwa na thamani gani kwetu.

Asubuhi nashuka lobi na ndala zangu kutafuta kahawa, nakuta kimeza kina bango la taarifa za wageni. Nikajua ni wa hoteli. Dada mchangamfu balaa, kaniuliza natokea wapi, nikasema Tanzania, akashika kifua kabisa, eti ndoto yake ni kuona Serengeti kabla hajafa. Si unajua mtu wa Tanga ukimsifia kwao, nimeshavuta kiti. Dakika kumi baadae nimeshikilia karatasi: tiketi mbili za Disney kwa dola 40 zote mbili, ninachotakiwa ni kuja kesho saa tatu asubuhi mimi na mke wangu, tunywe chai, tutembezwe kwenye makazi yao mapya ya likizo, dakika 90 mpaka 120, hatulazimiki kununua kitu. Nikatoa dola 20 ya diposti ambayo tunarudishiwa tukimaliza. Nikapanda juu najiona mshindi.

Kwa ambao hawajakutana nayo, hii ndo taimushea. Unauziwa haki ya kukaa hotelini wiki moja kila mwaka, siku hizi wanakuuzia pointi, na bei yake ni maelfu ya dola, alafu kila mwaka unalipa ada ya matunzo uende usiende. Orlando na Kissimmee zimejaa, ukipita ile barabara ya 192 kila hatua kuna kibanda cha tiketi za bei chee, na vingi ndo hivyo hivyo, tiketi ni chambo.

Mama watoto akaisoma karatasi yote. Mimi nilisoma juu tu, penye dola 40. Yeye akashuka mpaka kwenye maandishi ya kuwatafuta kwa tochi: muwe na kipato cha pamoja kisichopungua dola 50,000 kwa mwaka, muwe na umri fulani, mje na kitambulisho na kredit kadi, muwe hamjahudhuria miezi 12 iliyopita, na kama mmeoana lazima mje wote wawili. Akaniuliza swali moja, "Kama ni kunywa chai na kuangalia vyumba tu, wanataka wote wawili wa nini?" Nikasema labda utaratibu. Akaniangalia. Jibu analo yeye, kwamba akija mmoja anayo sababu nzuri ya kuondoka, ngoja nikaongee na mwenzangu, na hiyo sababu wameshaiziba kabla hujatoka kitandani.

Tukampigia kaka yake aliyeko Dallas, mana tulikumbuka kuna mwaka alituambia amenunua "nyumba ya likizo" Las Vegas na sisi tukampongeza. Sijamaliza kueleza akanikata, "Shemeji, umeshasaini?" Nikamwambia bado. Akashusha pumzi mpaka nikaisikia kwenye simu.

Habari yake ndefu ila nifupishe. Aliambiwa saa moja na nusu, akaingia saa tatu asubuhi akatoka saa nane na nusu mchana. Wa kwanza alikuwa mpole, akawauliza habari za watoto, wangependa kuwaonyesha nini duniani, shemeji akataja Hawaii, na kila alichokitaja kikaandikwa. Akaja wa pili na namba. Bei ikaanza juu kabisa, walipokataa ikashuka nusu, walipokataa tena akaitwa bosi, bosi akasema kuna moja imerudishwa na mteja jana, ila bei hiyo ni ya leo tu, wakitoka mlangoni haipo. Akaishia kusaini 21,000. Akatoa 2,000, zilizobaki 19,000 wakamkopesha hapo hapo kwa riba ya asilimia 17 miaka 10. Akasema analipa 330 kwa mwezi. Mi nikapiga hesabu kwenye simu huku anaongea, ni kama 39,600 mpaka amalize huo mkopo, na hapo bado ada ya matunzo ambayo kwake imefika 1,100 kwa mwaka na inapanda. Hawaii hajafika mpaka leo. Kila akitafuta tarehe za likizo za shule, zimejaa.

Kuuza? Amejaribu. Anasema ingia eBay uone watu wanavyoziuza kwa dola moja, dola moja kweli, na bado hazina mnunuzi kwa sababu anayenunua anarithi ile ada. Alafu akaanza kupigiwa simu na watu wanaosema wana mteja tayari Mexico, atume tu kwanza hela ya kodi. Bahati nzuri hiyo aliistukia, na mwaka 2024 FBI wakatoa tahadhari kwamba baadhi ya simu za namna hiyo ni za magenge ya madawa ya kulevya ya huko Jalisco. Yani umepigwa mara ya kwanza na watu wenye tai, mara ya pili wanakutafuta wenye bunduki.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo. Nevada sheria inakupa siku tano za kughairi baada ya kusaini, bila kutoa sababu. Karatasi inayosema hivyo ilikuwa ndani ya begi zuri la ngozi walilompa, yeye akalifungua siku ya tisa akitafuta namba ya kubuku. Florida wao ni siku kumi, na huwezi kusainishwa kwamba umeziacha. Akanisisitiza, mkienda mkasaini kwa bahati mbaya usipige simu kujadiliana na mtu, andika barua, itume kwa rejista, tunza risiti, Florida wanahesabu tarehe ya muhuri wa posta. Nikaandika yote nyuma ya ile karatasi.

Sasa hapo ndo nikaanza ujanja. Nikasema basi si tumeshajua kila kitu? Tunaenda, tunakunywa chai, tunasema hapana, tunachukua tiketi. Ikizidi kuna siku kumi. Nani atatupiga?

Mama watoto akasema, "Baba watoto, tukumbushane lile fagio."

Fagio ni vakyumu iliyoko kwenye kabati letu. Mwaka wetu wa pili huku alikuja kijana mlangoni kusafisha kapeti bure kama maonyesho, akasafisha sebule nzima, jasho linamtoka, akaniambia anakusanya hela ya chuo. Nikamletea maji, nikamletea na chapati. Alipotoka nilikuwa nimesaini vakyumu ya dola 1,800. Kwa kukatwa kila mwezi. Na hata hiyo nilikuwa na siku tatu za kughairi, kuna sheria ya nchi nzima kwa wauzaji wa mlangoni, lakini niliona aibu kumrudishia kijana aliyehangaika vile. Mimi ndo nilivyo. Nimelelewa kwamba mtu akikukarimu humtoki hivi hivi. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, bibi alikuwa anatuambia, na hawa watu wa taimushea nahisi walisoma kwa bibi yangu, mana kitu cha kwanza wanachokupa ni chai na mkate.

Mama watoto yeye angeweza. Kakulia Kariakoo, duka la vitenge la mama yake, anaweza kukwambia hapana huku anatabasamu mpaka ukachoka wewe. Angeenda peke yake ningelala usingizi. Lakini peke yake hawamtaki, wanamtaka na mimi. Na hapo ndo nilipoielewa ile karatasi vizuri, katika kila ndoa kuna mmoja laini, wanachohitaji ni kumjua nani. Wakishamjua wanaongea nae yeye, na yule mgumu anaanza kuonekana ndo anamnyima mwenzie raha mbele za watu.

Kuna na kitu kingine kilinipita kichwani pale, mama mdogo wangu na mambo ya DECI, kupanda mbegu na kuvuna ya 2009, wabongo wenzangu mnajua nasemea nini. Sio kitu kimoja, ule ulikuwa upatu, hii ni biashara halali yenye hoteli za kweli na watu wengine wanazifurahia, sikatai. Ila ule ukumbi ni ule ule. Watu wanapiga makofi kila mmoja akisaini, na wewe uliyekaa na mikono mapajani unajiona mjinga.

Tukapiga hesabu ya mwisho, ya kawaida kabisa. Mkubwa wetu ana miaka 11, na Disney bei ya mtoto inaishia miaka 9, kwahiyo sisi ni watu wazima watatu na mtoto mmoja. Tiketi kwa tarehe zile zilikuwa kama 160 kwa mkubwa. Tiketi mbili kwa 40 badala ya 320, tunaokoa 280. Sawa. Tukiwekwa kama alivyowekwa shemeji tukatoa na muda wa chai, ni masaa matano. Mimi nalipwa 19 kwa saa, yeye 27, masaa matano yetu wote ni 230. Faida dola 50. Kwa asubuhi nzima ya likizo yenye siku tano, watoto wamewekwa kwenye chumba cha katuni, na mimi natoka jasho kumkatalia mtu anayenipenda. Nikasema basi, hatuendi, nitashuka kuchukua diposti yetu.

Mngeniona nilivyoshuka kwa kujiamini.

Dada wa Serengeti akanipokea kwa tabasamu lile lile. Nikamwambia tumeghairi. Akaniuliza kwa nini. Kosa langu la kwanza, nikajibu. Nikasema muda hautoshi, akasema kuna kipindi cha mchana. Nikasema watoto, akasema kuna chumba chao chenye gemu. Nikasema mke wangu hapendi, akasema kwa upole kabisa, "Na wewe je, wewe unapenda nini?" Nikakosa jibu. Akaegemea mbele akashusha sauti, kwa sababu mimi ni mtu mzuri ataomba kwa bosi wake tiketi ziwe nne, familia nzima, dola 80 zote. Nne! Kichwani ile hesabu yangu ya dola 50 ikavurugika yote, mana sasa tunaokoa zaidi ya 500. Akapiga simu kwa huyo bosi, bosi akakubali kwa haraka ya ajabu. Nikajikuta nauliza kipindi cha mchana kinaanza saa ngapi.

Nilikuwa nimeshakaa pale dakika thelathini na tano. Najua kwa sababu mama watoto aliniambia, alishuka na mdogo aliyelowa chapachapa kutoka kwenye bwawa kuniuliza kama nimepotea. Akaangalia kiti nilichokalia, akaangalia kalamu mkononi mwangu. Hakugomba. Akamgeukia yule dada akamwambia hapana asante, tunaomba dola ishirini yetu. Yule dada akaanza kuhusu tiketi nne. Hapana asante, dola ishirini. Akauliza kwani kuna tatizo gani. Hapana asante, dola ishirini. Hajatoa sababu hata moja, na mimi pale pembeni nikagundua kila nilichomwambia yule dada nilikuwa namkabidhi mpini. Hela ikatoka ndani ya dakika mbili, na tabasamu likaisha hapo hapo.

Kwenye lifti akaniambia, "Dola 20 imekuchukua zaidi ya nusu saa na hukuipata. Kesho wangekuwa watatu."

Disney tulienda siku moja kwa bei yao, kama 640 na parking 30 juu, iliuma, sitawadanganya. Siku iliyofuata tukaendesha saa moja mpaka Cocoa Beach, maji ya chumvi hayo hapo, ya baridi kuliko ya kwetu lakini watoto hawakujali, mkubwa akachimba shimo mpaka kiunoni akagoma kutoka. Chipsi tulibeba, maji tulibeba.

Asubuhi ya kuondoka nilipita lobi na masanduku. Pale kwenye kimeza alikuwa amekaa baba mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, ndala miguuni, na yule dada kashika kifua, anamwambia ndoto yake ni kuiona Colombia kabla hajafa.