Senti ya Muhuri Pacha: Itazame Herufi S Kwanza

Miaka michache iliyopita nilinunua senti ya Marekani ya 1969, yenye picha ya Lincoln na alama S ya kiwanda cha San Francisco, kwa bei ambayo sitaitaja kwa kuwa mke wangu huyasoma haya. Muuzaji alinionyesha jinsi tarakimu za mwaka, neno LIBERTY na hata ile S vilivyoonekana viwili viwili, nami nikadhani kwamba kadiri alama zinavyozidi kurudufika ndivyo ushahidi kwamba ni senti ya muhuri pacha, yaani iliyopigwa kwa muhuri wenye picha mbili, unavyozidi nguvu. Ilikuwa kinyume kabisa, na S ile ndiyo iliyopaswa kunishtua.

Muhuri wa chuma unaopiga sarafu hupata picha yake kutoka kwa muhuri mama, ambao hukandamizwa juu yake kwa nguvu kubwa. Enzi hizo mkandamizo mmoja haukutosha: chuma kilikakamaa, kikarudishwa tanuruni kilainike, kisha kikakandamizwa tena. Mkandamizo wa pili usipokaa pale pale pa kwanza, muhuri hubaki na picha mbili, na kila sarafu itakayopigwa nao huzaliwa na kasoro ileile. Lakini alama ya kiwanda haikuwamo katika muhuri mama. Fundi aliigonga kwa mkono baadaye, kazi ya kukandamiza ikiwa imekwisha. Kwa hiyo katika senti halisi ya muhuri pacha ya 1969, maandishi huwa mawili ilhali S ni moja. S ikirudufika kwa mwelekeo uleule wa tarakimu, kilichotokea ni mtikisiko wa mashine tu.

Mtikisiko huo una sura yake. Muhuri uliolegea huteleza kidogo wakati wa kupiga, ukaparuza ubavu wa herufi iliyokwisha kuinuka na kuacha kidaraja bapa kinachong'aa, huku herufi yenyewe ikikonda. Muhuri pacha, kinyume chake, huinenepesha herufi: picha ya pili huwa imevimba kama ya kwanza, na kwenye ncha za herufi huonekana mpasuko mdogo mfano wa ulimi wa nyoka. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha, mradi sarafu igeuzwegeuzwe chini ya taa moja.

Ile maarufu ya 1955, iliyopigwa Philadelphia, haihitaji hata lenzi. Inakadiriwa kwamba kati ya 20,000 na 24,000 ziliwafikia watu, nyingi kama chenji ndani ya pakiti za sigara zilizouzwa kwa mashine. Hatari yake ni ghushi, nami huanza na upande wa nyuma, ambako maandishi hayarudufiki kamwe na ambako sarafu halisi ina mikwaruzo hafifu ya wima kushoto mwa T ya neno CENT. Ikiwa kilichorudufika ni tarakimu 5 ya mwisho peke yake, huo ni uchakavu wa muhuri, na sarafu hiyo haistahili hata kujadiliwa bei.

Ya kwangu ya 1969 imo ndani ya bahasha niliyoiandika "mtikisiko", pamoja na bei niliyolipa.