Karatasi moja mkononi: kufaidi mlezi wa kikazi ukiwa masta Lubumbashi

Mwanafunzi wa masta ya biashara hapa Lubumbashi ana watu wawili ambao wengi huwachanganya. Wa kwanza ni profesa anayesimamia kazi yake ya mwisho. Wa pili ni mlezi wa kikazi: mhasibu, mkuu wa manunuzi, mwenye malori ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mtu anayekula kwa kazi ile ile ambayo mwanafunzi anaisoma kwenye daftari. Profesa anauliza nadharia yako inatoka wapi. Mlezi anauliza pesa iko wapi tarehe 30. Ukimpelekea mlezi sura ya pili ya kazi yako akusahihishie marejeo, umempotezea saa yake, na yeye hatakuambia, atakuwa tu hapatikani kwenye simu.

Masta ni miaka 2, kredi 120, na mwaka wa pili unakimbia. Tunashauri mikutano 6 ndani ya miezi 6, kila mmoja dakika 50, kuanzia mwanzo wa masta ya pili, yaani mwaka wa pili. Usiombe mkutano kila wiki. Mtu mwenye biro (ofisi) katika komini ya Kampemba, mwenye kufunga hesabu kila mwisho wa mwezi, ataanza kukukwepa kabla hamjazoeana. Na usiombe siku za tarehe 28 hadi 5, wala zile siku chache kabla ya tarehe 15, wakati wahasibu wanahangaika na matangazo ya kodi. Katikati ya mwezi, baada ya tarehe 15, ndipo watu wanapumua.

Ujumbe wa kwanza ndio unaoharibu mambo mara nyingi. Wanafunzi huandika salamu ndefu, kisha "naomba unisaidie katika maisha yangu ya kikazi". Mtu mzima akisoma hivyo anaelewa jambo moja: huyu anataka nimtafutie kazi. Andika hivi:

"Jambo, Mama. Niko mwanafunzi wa masta ya pili, usimamizi wa fedha. Natafuta mtu wa kunisomea karatasi moja kila mwezi, dakika 50, kwa miezi 6. Siombi kazi wala staji. Karatasi ya kwanza ni hesabu ya pesa ya kampuni ndogo inayopeleka chakula kwenye mgodi. Naweza kuja kwenye biro Jumatano ao Alhamisi, saa ile utasema."

Usitume ujumbe wa sauti, kwa sababu atakuwa kwenye kikao na hataisikiliza. Asipojibu, piga simu mara moja baada ya siku 3, kisha umwache.

Sasa karatasi yenyewe, maana hapo ndipo ulezi unapoishi au kufa. Kila mkutano uende na ukurasa mmoja uliochapwa, wenye tarakimu, na swali moja chini yake. Siyo kompyuta: umeme ukikatika mkutano umekwisha, na mlezi anataka kuchora mistari kwa kalamu yake.

Chukua ile kampuni ya chakula. Mwenye kampuni anapeleka mboga, kuku na unga wa bukari kwenye jiko la mgodi. Kila mwisho wa mwezi anatoa ankara, ile tunayoita fakitire, ya dola 20,000. Gharama zake ni dola 16,000 kwa mwezi, na karibu zote ni pesa mkononi: wauzaji wa soko la Kenya hapa mjini, dereva, mafuta, wabebaji. Mkataba unasema mgodi unalipa siku 60 baada ya kupokea fakitire. Mwanafunzi mzuri wa SYSCOHADA, ule mfumo wa uhasibu tunaofundishwa, anaandika mauzo, anatoa gharama, anapata faida ya 4,000 kwa mwezi, 12,000 kwa miezi mitatu. Akaunti 411, ya pesa ambayo wateja bado wanadaiwa, ina 60,000. Hesabu iko sawa na profesa atampa alama.

Mlezi atageuza karatasi na kuchora safu tatu tu: mwezi, inayoingia, inayotoka. Januari inatoka 16,000, inaingia sifuri. Februari vilevile. Machi vilevile. Fakitire ya Januari imepokelewa tarehe 31, siku 60 zinaangukia karibu tarehe 1 Aprili. Kwa hiyo kabla ya franga ya kwanza kuonekana, mwenye kampuni amekwisha kutoa dola 48,000 mfukoni mwake, na bado hatujagusa TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Fakitire ya Januari ikirudishwa kwa kukosa namba ya oda au muhuri wa mlinzi wa depo (ghala) kwenye hati ya kupokea mali, ikapokelewa upya mwisho wa Februari, malipo yanasogea hadi mwisho wa Aprili na lile shimo linafika 64,000. Kampuni yenye faida inafungwa kwa muhuri mmoja.

Tunakawia kwenye mfano huu kwa sababu sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliwekea kampuni zenye mtaji ulio kwa sehemu kubwa wa Wakongomani kazi za kupewa na kampuni kubwa, na vijana wengi wa masta wanaandika miradi yao juu ya mlango huo. Mlango ni wa kweli. Lakini maswali yanayofuata hayamo katika sheria: nani atakukopesha 48,000? Muuzaji wa soko atakubali kungoja wiki mbili? Je, uanze na jiko la watu 80 badala ya 400? Maswali hayo ndiyo kazi ya mlezi, na mwanafunzi arudi mwezi unaofuata na safu zile zile zikiwa na majibu.

Baada ya kila mkutano, tuma mistari mitano usiku ule ule: nini tuliamua, nini nitafanya, lini. Ukikosa kufanya, sema kabla ya siku ya mkutano. Mlezi anasamehe kazi isiyokamilika, hasamehi kukalishwa bure.

Hatari moja kubwa ni siri. Mlezi anaweza kukuonyesha bei halisi ya asidi au ya usafiri hadi mpakani ili uelewe. Bei hiyo isiingie kwenye kazi yako ya mwisho, wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha promosheni, yaani cha darasa lenu, bila ruhusa iliyoandikwa. Badilisha tarakimu kwa kuzizidisha zote kwa namba moja, uwiano utabaki.

Lugha nayo ina uzito wake. Darasani ni Kifaransa, barua pepe za wakubwa mara nyingi Kiingereza, lakini depo inazungumza Kiswahili. Mwombe mlezi mkutano mmoja uwe wa hilo tu: eleza ukurasa wako kwa Kiswahili kwa dakika 3, kana kwamba unamwambia mlinzi wa depo. Asiyeweza kusema "amortisma" kwa maneno ya kawaida, kwamba mashine inazeeka na kila mwaka tunaandika sehemu ya uzee wake, bado hajaielewa.

Mkutane kwenye biro, mchana, mlango wazi. Hasa wasichana: mwaliko wa jioni hotelini ukataliwe bila maelezo, na mratibu wa ulezi kitivoni aambiwe kesho yake. Nauli na mega za intaneti ni za mwanafunzi, chai ni ya mlezi. Matabishi, yaani pesa ya bakshishi, hayapo, kwa upande wowote. Na kama mikutano miwili mfululizo imeahirishwa na mlezi, mwandikie kwa heshima, "Papa, naona kazi imekuzidi, naomba unielekeze kwa mwenzako", kisha mpelekee huyo mwenzake karatasi ile ile.