Pishi haikujaa

Jikoni kunanukia wali wa kunde, tui limeshaingia, na mimi nimerudi Ngamiani, barazani kwa bibi, daftari la maabara mapajani.

Likizo ile nilifika Tanga nimenuna. Chuoni kazi yangu ilikuwa kudondosha lipidi, mafuta ya aina inayojenga kuta za seli, zilizoyeyushwa katika kloroformu, juu ya maji kwenye beseni la tefloni. Kloroformu inaruka, unabaki utando wenye unene wa molekuli moja, unaubana taratibu kwa kizuizi. Kolesteroli peke yake ilinipa kama angstromu 38 za mraba kwa molekuli (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Lesithini ya kiini cha yai, zaidi ya 60. Nikazichanganya nusu kwa nusu nikingojea wastani. Utando ukawa mdogo kuliko hesabu. Nikarudia mara tatu, ni yaleyale. Mwalimu alitabasamu tu, akaenda zake kunywa chai.

"Una nini, mume wangu?" bibi akauliza. Nikamweleza, kwa kadiri jambo lile linavyoelezeka barazani.

Hakujibu. Alichota vibaba viwili vya kunde akavimimina kwenye pishi. Kisha viwili vya mchele, bila haraka, kila kibaba akikipitisha kiganja juu kisizidi hata punje. Akachanganya kwa mkono, akaishika pishi kwa magoti, akaitikisa. Mchele ulizama kati ya kunde kwa sauti ya manyunyu juu ya makuti. Mkono wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la mchele hadi kwenye bangili.

"Vibaba vinne hivyo. Imejaa?"

Ilipelea upana wa kidole.

"Nani kaiba?"

Baadaye nikasoma kwamba mwanasayansi Leathes aliliona jambo hili mwaka 1925, na mwalimu wangu alilijua muda wote (sijamsamehe sawasawa). Nikajua pia kwamba bibi alipatia nusu. Kolesteroli haizibi mianya tu. Ni ngumu na bapa. Ikisimama kando ya mikia ya fosfolipidi (lesithini ni mojawapo) inayojipindapinda, mikia inanyooka, na mkia ulionyooka unakula nafasi ndogo. Mchele haunyooshi kunde.

Idi iliyofuata nikamwambia hivyo, kwa fahari kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunua sufuria, mvuke ukanipiga usoni.

"Na zikishapikwa?"